Homa Isiyo na Jina Kasubi

Mvua ya usiku ikishakatika Kasubi, mtaa wa Kampala, maji hukimbilia bondeni kwenye kinamasi cha Lubigi. Yasiyofika huko hubaki njiani: ndani ya tairi lililotupwa nyuma ya gereji, ndani ya dumu lililokatwa kichwa, ndani ya kopo la rangi, na kwenye kwapa la kila jani la mgomba. Migomba haijakwisha Kasubi. Mtu akipanda hadi Masiro, walikozikwa Makabaka wanne, yaani wafalme wa Buganda, atakuta eneo la karibu hekta 27 ambalo sehemu yake kubwa ni mashamba, ilhali jiji la mabati limelizunguka kila upande. Wageni huja kutazama paa la nyasi lililojengwa upya baada ya moto wa Machi 16, 2010. Mbu hana haja na paa. Kijiko kimoja cha maji kinamtosha kulea watoto wake.

Siku chache baadaye, mtu wa bondeni huamka na homa. Kwa Kiganda ni omusujja, na watu wengi wakilitamka neno hilo huwa wameshataja malaria humo humo. Anakwenda zahanati ya jirani, anachomwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, anasubiri robo saa. Kipimo kikionyesha mistari miwili, mambo ni mepesi. Kikionyesha mmoja, ndipo kazi inapoanza. Ataambiwa labda ni taifodi. Au atapewa dawa ya malaria hivyo hivyo, kwa tahadhari. Au atarudishwa nyumbani na vidonge vya kutuliza maumivu, anywe maji mengi. Akipona, sifa zinakwenda kwa dawa. Asipopona, anahamia zahanati nyingine kuanza upya.

Haifai kumlaumu muuguzi. Ana kipimo kimoja na foleni ndefu, na malaria kweli inaua Uganda. Kinachokera ni kwamba haya yanatokea mwendo wa saa moja tu kutoka mahali ambapo dunia ilifundishwa kuzitenganisha homa hizi.

Mwaka 1936 Wakfu wa Rockefeller wa Marekani ulianzisha Entebbe kituo cha kuchunguza homa ya manjano. Leo kituo hicho ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, UVRI. Walioingia humo wakitafuta ugonjwa mmoja walijikuta wanafungua kabati lililojaa mengine. Mwaka 1937 walichukua damu ya mwanamke mwenye homa huko Omogo, katika wilaya ya West Nile, wakakuta kirusi ambacho hakikuwa cha homa ya manjano wala cha ugonjwa mwingine uliojulikana. Wakakipa jina la wilaya. Mwaka huo huo wakakipata cha Bwamba. Mwaka 1942 kikaja cha msitu wa Semliki, mwaka uliofuata cha Bunyamwera. Aprili 1947, kima nambari 766, aliyewekwa ndani ya kizimba katika msitu wa Zika kando ya barabara ya Entebbe ili awe mlinzi wa homa ya manjano, alipandwa na joto. Damu yake ikatoa kirusi kipya. Januari 1948 kirusi kile kile kikapatikana kwenye mbu waitwao Aedes africanus katika msitu huo huo.

Hata majirani walipougua, damu ililetwa Entebbe. Wakati watu wa Newala, kusini mwa Tanganyika, walipoanguka kwa maumivu ya viungo mwaka 1952 na 1953, W. H. R. Lumsden wa Entebbe alikwenda kuchunguza, na mwenzake R. W. Ross akakitenga kirusi maabara. Wamakonde walikuwa wameshaupa ugonjwa jina, chikungunya, yaani ule unaomkunja mtu. Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ukazuka mwingine wa viungo, nao Waacholi wakauita o'nyong'nyong. Ulienea Afrika Mashariki na kuwagusa watu wapatao milioni 2 katika muda wa miaka mitatu, tena ukibebwa na mbu wale wale wa malaria.

Lugha za hapa zimejaa kwenye ramani ya virusi duniani. Hata dengi, kwa maoni ya wengi waliochunguza asili ya neno hilo, ina deni kwa Kiswahili: daktari James Christie aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko wa 1870 aliandika kwamba watu wa pwani waliuita ugonjwa huo kidinga pepo, na kwamba wazee walikumbuka mwingine kama huo wa mwaka 1823. Baadhi ya wataalamu wa leo, wakisoma maelezo yake ya viungo vilivyokakamaa, hudhani aliyoyaona yalikuwa chikungunya. Kwa hiyo inawezekana jina la Kiswahili limekwenda kukaa kwenye ugonjwa wa jirani yake. Kuchanganya homa hakukuanza Kasubi.

Kati ya majina hayo yote, la Semliki ndilo linalostahili kusimuliwa kwa kirefu, ingawa halitajwi sana. Kirusi cha Semliki hakijawahi kuitisha dunia kama Zika. Kwa kuwa kinakua vizuri maabarani na kwa kawaida hakimdhuru sana mtu, wanasayansi wa nchi nyingi walikigeuza farasi wao wa kazi. Ukali hakikuukosa: mwaka 1979 jarida la Science liliripoti kifo cha mtafiti mmoja nchini Ujerumani aliyekuwa akikishughulikia. Lakini ni kupitia kirusi hicho ndipo swali la msingi lilipojibiwa: kitu kidogo kiasi hicho, kisicho na miguu wala meno, huingiaje ndani ya seli ya mtu?

Mwaka 1980 Ari Helenius na wenzake, wakifanya kazi Heidelberg, walionyesha njia. Kirusi hakivunji mlango. Kinajishika kwenye protini iliyopo juu ya seli, protini ambayo seli inaitumia kwa shughuli zake yenyewe, na seli inakimeza kwa hiari yake ndani ya kifuko kidogo, kama inavyomeza chakula. Kisha seli inafanya kawaida yake: inamwaga asidi ndani ya kifuko ili kuyeyusha ilichomeza. Asidi hiyo ndiyo ishara iliyokuwa ikisubiriwa. Miiba ya kirusi inajikunjua, utando wake wa mafuta unaungana na utando wa kifuko, na uzi wa RNA unachomoka kuingia katikati ya seli. Seli inausoma kama vile umeandikwa nyumbani, ikaanza kutengeneza nakala. Wataalamu wa homa ya manjano, dengi na Zika walikuta kwamba virusi vyao navyo vinapita njia hiyo ya asidi.

Mlango wenyewe, yaani ile protini ya kujishikia, ulichukua miaka mingine arobaini kutambuliwa. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walitaja protini iitwayo Mxra8 kuwa mlango wa chikungunya na o'nyong'nyong. Mwaka 2021 ikatajwa LRP1 kwa homa ya Bonde la Ufa. Kisha wanasayansi wa Harvard wakaeleza kwamba kirusi cha Semliki hupitia VLDLR, protini ya jamii hiyo hiyo ya zile zinazoingiza mafuta ndani ya seli. Mwaka 2024 ndugu yao mwingine, LDLR, akahusishwa na homa ya Crimea-Kongo inayoletwa na kupe. Virusi vya ukoo tofauti kabisa, vingine vya mbu na vingine vya kupe, vimejifunza kubisha hodi kwenye milango ya mafuta. Ni habari ya kusisimua: anayeweza kuuziba mlango mmoja anaweza akawa amewazuia wageni wengi.

Mambo mengi hutokea kabla kirusi hakijafika kwenye mlango huo. Mbu akimnyonya mgonjwa, hawezi kumwambukiza wa pili papo hapo. Kirusi lazima kipenye utumbo wake, kisambae mwilini, kifike kwenye tezi za mate, safari inayochukua wiki moja hadi mbili kutegemea joto. Mbu wengi hufa kabla ya hapo. Anayeishi, akichoma ngozi ya mtu, hutema mate yenye vitu vya kuzuia damu isigande na kulegeza kinga ya mahali pale. Kirusi hudondoshwa humo, kwenye ngozi, na miongoni mwa seli za kwanza kukipokea ni walinzi wenyewe wa mwili, zile seli zinazozunguka kukamata wavamizi na kuwapeleka kwenye tezi za limfu. Wanambeba adui mgongoni hadi kambini.

Kuhusu migomba ya Kasubi, kuna habari ya zamani inayostahili kurudiwa mbele ya kila diwani. Katika miaka ya 1940 Alexander Haddow na wenzake walifanya kazi Bwamba, chini ya milima ya Ruwenzori, wakijiuliza homa ya manjano inatokaje msituni hadi kwa watu. Wafanyakazi wa Kiafrika walikaa kwenye majukwaa yaliyojengwa juu ya miti, mchana na usiku, wakiwa chambo, wakimnasa kila mbu aliyetua kwenye miguu yao. Baadaye kazi hiyo iliendelea kwenye mnara wa chuma wa futi 120 uliohamishiwa msitu wa Zika mwaka 1960, ambao hadi leo unapita vilele vya miti. Jibu la Bwamba lilikuwa hili: juu msituni Aedes africanus huwauma kima jioni. Kima hushuka kuiba ndizi. Shambani, ndani ya yale makwapa ya majani yenye maji, amezaliwa mbu mwingine, aliyeitwa wakati huo Aedes simpsoni, naye humuuma mwizi wa ndizi kisha mwenye shamba.

Ila mbu wa migomba hawakuwa na tabia moja. Bwamba waliwapenda watu. Sehemu nyingine za Uganda hawakuwajali. Louis Mukwaya, mtaalamu wa wadudu wa Entebbe, aliwachanganya mbu wa tabia tofauti kwa kuwazalisha pamoja, na mwaka 1977 akachapisha ushahidi kwamba hamu ya damu ya mtu ni jambo la kurithi. Alifanya hivyo mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Uganda ya Idi Amin haikuwa mahali pepesi pa kufuga hata kuku, sembuse mbu wa utafiti. Mwaka 2014 timu ya Marekani ilirudi kwenye swali hilo kwa kutumia Aedes aegypti wa Rabai, karibu na Mombasa, ambako wale wa majumbani na wale wa msituni huishi jirani, ikataja jeni ya kunusa iliyo kali zaidi kwa wanaopenda watu. Mwaka 2020 uchunguzi mpana wa mbu kutoka nchi kadhaa za Afrika ulieleza kinachowageuza: kiangazi kirefu, na msongamano wa watu. Watafiti hao waliona kwamba kukua kwa miji kutasukuma mbu wengi zaidi wa Afrika kuelekea kwa binadamu.

Msongamano wa watu, katika Kampala, hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu anayepanda matatu Nakulabye saa kumi na mbili jioni.

Mwaka 2020 huo huo jarida la Science lilichapisha jambo linalosaidia kueleza kwa nini Zika ililala Uganda karibu miaka 70 kisha ikaamka Brazil. Aedes aegypti wengi wa Afrika hawakipokei kirusi hicho kwa urahisi kama ndugu zao waliosambaa dunia nzima. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura Februari 1, 2016, kwa sababu ya watoto waliokuwa wakizaliwa na vichwa vidogo, waandishi wa habari wa kigeni walimiminika barabara ya Entebbe kupiga picha mnara, wakashangaa kukuta wanakijiji wasiojua wamefanya kosa gani. Katika fasihi ya kitabibu, miongoni mwa maelezo ya awali ya mtu mwenye Zika ni ya mtafiti mwenyewe: D. I. H. Simpson wa Entebbe aliumwa kichwa, akatokwa na vipele, akatenga kirusi kutoka kwenye damu yake na kuandika habari zake mwaka 1964. Alipona haraka. Angekuwa fundi wa pikipiki wa Kasubi, angeambiwa ni malaria, angepona vile vile, na dunia isingejua kitu.

Ndiyo hoja ya makala haya. Uganda imetoa majina. Wenye mitambo ya gharama wametoa milango. Aliyebaki bila chochote ni mgonjwa aliyechomwa kidole na kuonekana hana malaria. Damu yake ndiyo kitabu ambacho hakuna anayekifungua. Haitoshi kujivunia Entebbe kwenye hotuba. Vituo vya afya vya mitaa kama Kasubi, Kawaala na Namungoona vinapaswa kuwa macho ya kudumu ya Entebbe ndani ya jiji: kila wiki, wagonjwa kadhaa wenye homa wasio na malaria watolewe sampuli, zisafirishwe, na majibu yarudi kwa aliyezituma.

Hili si ndoto. UVRI imekuwa na vituo vya uangalizi wa aina hiyo katika baadhi ya hospitali; ni kwa njia hiyo watafiti wake walithibitisha maambukizi ya Zika kwa wagonjwa wa homa wa miaka ya 2014 hadi 2017 na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Uganda pia ina mtandao wa pikipiki za kusafirisha sampuli, uliojengwa kwa ajili ya vipimo vya Ukimwi vya watoto wachanga. Barabara ipo, dereva yupo, maabara ipo. Kinachokosekana ni uamuzi kwamba homa ya mjini nayo inahesabika, kwa sababu kwa muda mrefu mambo haya yametazamwa kama ya msituni na ya wafugaji.

Na wafugaji hawako mbali. Barabara ya Hoima inayopita Kasubi inakwenda hadi Kiboga, kwenye ukanda wa ng'ombe. Waswahili wakimwita mtu kupe wanamaanisha king'ang'anizi, na kupe mwenyewe huishi kulingana na sifa hiyo: mbu hunywa kwa dakika, kupe mgumu hujibandika kwa siku nyingi. Baadhi yao hubeba homa ya Crimea-Kongo. Ile Kongo ya kwenye jina ni ya mwaka 1956, damu ya mtoto wa Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Waliokichunguza kirusi hicho na kukieleza kwa kina mwaka 1967 walikuwa, kwa mara nyingine, watu wa Entebbe. Homa hiyo ilithibitishwa katika wilaya ya Agago mwaka 2013, na ya Nakaseke mwaka 2017, na imerudi mara kwa mara. Ng'ombe mwenye kirusi haonyeshi dalili. Anayempasua kupe kwa kucha, anayechinja, anayechuna ngozi, na muuguzi anayemfuta damu mgonjwa asiyejulikana anaumwa nini, wote wako kwenye mstari mmoja. Katika milipuko, homa hii huua hadi watu 40 kati ya 100 wanaougua.

Kuna pingamizi la haki. Daktari anaweza kuuliza: jina litamsaidia nini mgonjwa, ikiwa virusi vingi vya aina hii havina dawa? Kwa mgonjwa mmoja mwenye chikungunya, labda litamwokoa tu na gharama ya dawa za taifodi asizozihitaji, na litamweleza kwa nini magoti yanamuuma miezi mitatu baadaye. Hiyo nayo si haba. Lakini kwa homa ya Crimea-Kongo, jina linaamua kama wauguzi watavaa glavu na kumtenga mgonjwa leo au wiki ijayo. Kwa homa ya manjano, jina moja linatosha kupeleka chanjo mtaa mzima. Uganda iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka 2022, na mtu mzima aliyekosa kampeni bado ana sababu ya kuuliza. Kwa dengi, Dar es Salaam ilijifunza mwaka 2014 na tena 2019, Mombasa mwaka 2013, kwamba mji huchelewa kujua kwa sababu wagonjwa wengi wa mwanzo huhesabiwa kuwa na malaria.

Pingamizi la pili ni la fedha, na hapo lazima ukweli kuhusu vipimo usemwe. Kingamwili za Zika, dengi, homa ya manjano na West Nile zinafanana, hata kipimo cha kawaida huchanganya ndugu hao, na kuwatenganisha kunahitaji kukuza kirusi hai maabarani na kutazama damu ipi inakizuia. Ni kazi ya siku nyingi na mikono yenye ujuzi. Kirusi chenyewe kinaonekana kwenye damu kwa siku chache tu za mwanzo, kwa hiyo sampuli iliyokaa kwenye friji ya zahanati hadi Ijumaa ijayo mara nyingi imeshapoteza kilichotafutwa. Ndiyo maana idadi ndogo inayofika mapema ina thamani kuliko shehena inayochelewa. Na wakati ambapo fedha za wafadhili wa nje zinapungua, serikali ndiyo inayopaswa kulipa petroli hiyo, maana mgonjwa ni wake.

Wa jijini nao wana la kufanya, ingawa halihitaji semina. Chandarua hakimzuii Aedes anayeuma mchana. Kumwaga dumu, kufunika tangi na kuondoa tairi kunamzuia. Migomba isikatwe, nani angethubutu kusema hivyo Buganda? Ila ingefaa sana vijana wa chuo wapande Kasubi na bomba dogo la kunyonyea maji, wachukue viluwiluwi wa mbu wa kwenye makwapa ya majani, wawalee, kisha wauulize uzao huo swali la Mukwaya: mkono wa mtu au kuku, unachagua nani?

Sampuli ya damu ikitolewa bondeni Kasubi saa mbili asubuhi, pikipiki inaingia barabara ya pembezoni kupitia Namungoona, inashuka kando ya Lubigi hadi Busega, kisha inaelekea Entebbe. Saa nne, foleni ikiwa ya wastani, inaweza kuwa imepokelewa UVRI ikiwa bado baridi.